Herufi Zinazoanzia Kulia

Kidole changu kidogo cha mkono wa kushoto kilisomeshwa na serikali. Nilikipeleka chuo cha uhazili pamoja na wenzake tisa, tukafundishwa kupiga chapa kwenye mashine za chuma ambazo ukizibembeleza haziandiki kitu. Kazi ya kidole hicho ilikuwa kukandamiza kitufe cha herufi kubwa, na kukikandamiza hasa, kwa uzito wa kiganja, la sivyo herufi ilitoka nusu juu nusu chini na mwalimu alikuchania karatasi mbele ya wenzako. Nilikitumia vizuri kwa miaka yote niliyokaa katika shirika la umma. Kisha shirika likauzwa, na sisi makatibu tukaambiwa tumepunguzwa. Ndilo neno walilotumia, kupunguzwa, kama maji yaliyozidi kwenye sufuria.

Nilikasirika kwa muda mrefu, na sikuona aibu kukasirika. Nikiwa bado na hasira hizo ndipo nilipopata kazi Kariakoo, kwenye intaneti iliyokuwa nyuma ya duka la mabegi. Mwenye duka alikuwa Mhindi mzaliwa wa hapo hapo mjini, mtu mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kuliko changu mimi mtu wa bara niliyepanga chumba Buguruni. Zamani familia yao iliuza vitambaa. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaleta vitambaa, yeye akahamia mabegi. Na kila mtu alipoleta mabegi, akaenda Dubai, akarudi na kompyuta zilizokwisha kutumika. Alikata duka katikati kwa mbao, akaniweka nyuma na hizo kompyuta.

"Dada, wewe umesoma taipu," aliniambia siku ya kwanza. "Hii nayo ni taipu tu, ila ina taa."

Kwa vile zilitoka Dubai, kibodi zake zilikuwa na herufi mbili kwenye kila kitufe, ya Kizungu na ya Kiarabu. Hakuna aliyejali. Watu walikuja kuandikia ndugu zao ng'ambo, kutafuta vyuo, na wengi wao, wenzangu waliopunguzwa, kujaza maombi ya kazi kwenye kurasa za makampuni mapya yaliyokuwa yanaota mjini kama uyoga. Balaa lilianzia hapo. Mtu anajaza jina lake vizuri, anajaza anwani, anafika kwenye lile sanduku kubwa la kujieleza, mara maneno yanageuka Kiarabu. Tena si kugeuka tu. Kile kimstari kinachopepesa kinaganda pale pale kushoto, na kila herufi mpya inawasukuma wenzake kwenda kulia. Ukiweka nukta mwisho wa sentensi, inaruka inakaa upande wa pili.

"Sista, mashine hii ina jini, bwana," mteja mmoja aliniambia huku amenyanyua mikono yote miwili juu, asije akalaumiwa.

"Jini gani anayejaza maombi ya uhasibu?" nikamjibu. Lakini moyoni sikuwa na maelezo.

Bosi aliamini dawa moja tu, zima kisha washa, na kweli ilisaidia mpaka mtu mwingine apatwe. Fundi wa jirani akasema ni virusi, zifutwe zote zianze upya. Mwingine akasema ni joto. Mimi nilianza na dhana yangu mwenyewe, kwamba wateja wanachezea mashine na hawataki kusema. Nikawa nasimama nyuma yao kama msimamizi wa mtihani, nimekunja mikono, na nadhani niliwafukuza kadhaa kwa macho tu.

Kusimama kule ndiko kulikonifumbua macho. Niliona kwamba vijana waliochapa kwa vidole viwili, wakidonoa kama kuku, hawakupatwa hata siku moja. Waliopatwa ni wenye vyeti. Mama mmoja niliyesoma naye uhazili alikuja kuomba kazi kwenye kampuni ya simu, akakaa wima kama tulivyofundishwa, na kila alipotaka herufi kubwa alishusha kidole chake kidogo pamoja na ubavu wa kiganja, pwaa. Kidole kilipiga kitufe cha herufi kubwa; kiganja kikapiga na kitufe cha jirani. Kumbe vitufe hivyo viwili vikibonyezwa pamoja, kompyuta inadhani umeiomba ibadilishe lugha. Inabadilisha kwa utii kabisa, bila kuuliza. Hapakuwa na jini wala virusi. Palikuwa na nguvu za zamani kwenye kitu kisichohitaji nguvu, na jina lako ukitaka lianze kwa herufi kubwa, heshima hiyo hiyo ndiyo inayokuponza.

Nilicheka peke yangu mpaka bosi akachungulia. Tangu siku hiyo nikawa nawaambia wenzangu, "Inueni viganja, jamani, hii si chuma." Walijitahidi. Mimi mwenyewe nilishindwa. Nikiwa nimetulia niliweza. Nikichapa kwa haraka, kidole kilirudi kwenye mafunzo yake.

Miongoni mwa wateja wangu alikuwepo mama mmoja wa mtaa wa nyuma, wa zile familia za pwani zilizokuwepo Kariakoo kabla ya ghorofa. Nilimwita bi mkubwa, kama wote walivyomwita. Alivaa baibui, alinukia udi, na uani kwake alisomesha watoto Kurani. Shule ya serikali hakuwahi kuikanyaga. Herufi za Kizungu hakuzijua, ila za Kiarabu alizisoma na kuziandika tangu utoto, na Kiswahili chake chote alikiandika kwa hizo. Mimi, niliyesomeshwa na masista, kwenye herufi hizo sikujua hata alifu kwa kijiti, na hiyo sisemi kwa mfano, nasema ndivyo ilivyokuwa.

Mwanawe wa pekee alikuwa baharia kwenye meli za makontena. Bi mkubwa alimfundisha herufi hizo mwenyewe, na kwa miaka yote ya kusafiri kwake waliandikiana kwa mkono, yeye huku na kijana huko. Kisha barua zikakatika. Kijana akapiga simu kwa jirani, akasema siku hizi mambo ni kompyuta: kampuni ya meli ina ukurasa wa intaneti ambao ndugu wanaweza kuwaandikia mabaharia, mama atafute mtu wa kumwandikia, na majibu yatatumwa kwa anwani ya huyo mtu. Mtu huyo nikawa mimi.

Kwa hiyo kila Ijumaa baada ya alasiri bi mkubwa alikuja, akaketi kwenye kiti cha pembeni, akanisemea kwa sauti ya chini nami nikachapa. Sanduku la jina, sanduku la namba ya baharia, sanduku la ujumbe. Ujumbe wenyewe ulikuwa ule ule: sisi sote hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe tu, usisahau kuswali. Majibu nayo yalikuwa ya kufanana. Sijambo mama, kazi nzuri, hali ya hewa nzuri, wasalimie. Nilimsomea, akaitikia "Alhamdulillahi," akaondoka. Niliona kuwa kila mara alitoka na uso uliopungua kuliko aliokuja nao, lakini haikuwa kazi yangu kuuliza.

Siku moja nilikuwa nachapa kwa haraka, umeme ulikuwa unatishia kukatika. Nikaanza "Mwanangu," na kwa ajili ya ile M kubwa kidole kikashuka na kiganja chake. Herufi zikageuka. Nilisonya. Lakini bi mkubwa alikuwa amesogea mbele, pua yake karibu na kioo.

"Ta… swa… sha… sha… la…" akasoma, kutoka kulia. Kisha akageuka kunitazama. "Taswashashala! Ndiyo nini hiyo?"

"Samahani, bi mkubwa, ni mashine. Sasa hivi naiondoa."

"Usiiondoe!" Alinishika mkono. "Hizi herufi zetu. Neno halina maana, lakini herufi ni zetu. Zimo humu siku zote?"

"Zimo."

"Na wewe unazifukuza."

Akavuta kiti chake mpaka mbele ya kibodi, akaniambia nimpishe, na nilipompisha hakuanza kuandika. Kwanza alinieleza jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba siku nyingi.

"Mwanangu haniandikii tena kwa mkono wake," alisema. "Anasema kompyuta ni haraka. Mimi sikumlea kwa haraka. Nataka kumuuliza kuna nini. Lakini nikimuuliza kwa mdomo wako, binti yangu, atanijibu kwa adabu ya mbele yako. Atasema sijambo. Akiziona herufi hizi atajua hapa hakuna mtu mwingine, ni mimi na yeye."

Nilisikia kama nimepigwa, ingawa hakunilaumu. Wiki zote hizo nilijiona msaada, kumbe nilikuwa ukuta.

Akaandika. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila kitufe na kukigusa taratibu, kwa hiyo kile kitufe cha jirani hakikubonyezwa kamwe. Alikasirikia alama ya kufungia sentensi iliyokimbilia mwanzo wa maneno. Alikasirikia zaidi kwamba hapakuwa na pe.

"Waarabu hawana pe," alisema. "Sisi tulijiwekea nukta tatu. Humu hawakutuwekea."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitaweka be. Wazee wetu walifanya hivyo. Atajua."

Sanduku likajaa. Sikuelewa hata neno moja, na kwa mara ya kwanza kutoelewa kulikuwa ndiyo kazi yangu. Nilirudisha lugha, nikajaza jina na namba kwa herufi za Kizungu, nikabonyeza kutuma. Ukurasa ukarudi na mstari mwekundu: tafadhali andika ujumbe wako, sanduku ni tupu.

"Tupu?" nikasema kwa sauti, kama vile ukurasa unasikia. Sanduku lilikuwa limejaa mpaka pembeni. Nikatuma tena. Tupu. Nikafunga ukurasa wa kivinjari, nikaufungua, na bi mkubwa akaandika tena yote toka mwanzo bila kulalamika. Tupu. Hasira zangu za shirika zote zilipanda. Nikakumbuka kwamba ujumbe wangu wa kila Ijumaa, ulioandikwa kwa herufi za Kizungu, haukuwahi kukataliwa. Nikajiambia, labda mlinzi wa mlangoni anataka kuona uso mmoja anaoujua, halafu wengine wapite nyuma yake. Nikaweka neno moja mwanzoni kwa herufi za Kizungu: Mama. Nikatuma.

Ukurasa ukashukuru. Niliruka kitini. Bi mkubwa alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akaniombea dua, na bosi akatoka mbele kuja kuona kuna nini. Nilijivuna jioni nzima.

Jibu lilikuja wiki iliyofuata, nami ndiye niliyelifungua. Chini ya jibu ukurasa wa kampuni huwa unaambatanisha ujumbe uliotumwa. Nikatazama chini kwanza, kwa fahari, nizione herufi za bi mkubwa zilizovuka bahari. Hazikuwepo. Palikuwa na neno Mama, na baada yake alama za kuuliza. Mstari wa alama za kuuliza, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka chini. Hapakuwa na kingine.

Bosi alinikuta nimekaa nazitazama. Akavaa miwani yake.

"Kompyuta ya huko haijui herufi hizi," alisema. "Herufi moja isiyoijua, inaweka alama moja ya kuuliza. Mimi nikimwandikia dada yangu Kigujarati, yeye anapata visanduku vitupu. Tumeacha. Tunaandikiana Kiingereza, na kwa Kiingereza hatugombani vizuri."

Alitaka nicheke, sikuweza. Nilimwonea bi mkubwa huruma. Mwanawe hakupata hata neno lake moja. Ndipo nikarudi juu ya ukurasa nikasoma alichojibu, na nilipomaliza nikamwomba bosi anipe nafasi yake ya mbele, kwenye mabegi, kwa sababu jibu lile nisingeweza kumsomea bi mkubwa katikati ya wateja.

Ijumaa bi mkubwa alipofika nilimshika mkono nikamkalisha kwenye kiti cha bosi, mabegi yamening'inia juu yetu, bosi mwenyewe amesimama nje barabarani akijifanya anahesabu magari. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanitazama usoni. Alijua.

"Soma," akasema. "Usiruke."

Nikasoma kutoka kwenye karatasi niliyonakilia jibu. "Shikamoo mama. Maswali yako nimeyaona. Nilipofungua nikakuta Mama na maswali matupu, nilijua ni wewe, hakuna mwingine anayeweza kuniuliza namna hiyo. Umekwisha kujua, basi nisikufiche. Kamba ya kufungia meli ilinikamata mkono wa kulia. Vidole vimebaki viwili, navyo havikunji. Ilikuwa kabla ya ile simu. Wamenihamishia jikoni, nala vizuri, maumivu yamekwisha. Siandiki kwa mkono kwa sababu hakuna mkono wa kuandikia. Niliogopa ungeziona herufi zangu ukajua. Nisamehe. Hii naidonoa kwa kidole kimoja."

Bi mkubwa hakupiga kelele. Alivuta ukingo wa baibui akaubana mdomoni, na machozi yakawa yanashuka tu. Mimi nililia kabla yake, niseme kweli, na kwa sauti zaidi. Alininyamazisha yeye.

Alipojifuta, akauliza, "Amesema maswali matupu. Matupu vipi?"

Nikaona sina haki ya kumficha. Nikamweleza: kwamba herufi zake zilikataliwa huko, hata moja haikufika, kila moja ilibadilishwa kuwa alama ya kuuliza, na kilichofika ni neno Mama nililolichapa mimi.

"Ukurasa mzima?"

"Mzima, bi mkubwa. Nisamehe."

Akatikisa kichwa polepole, na usoni pakapita kitu karibu na kicheko.

"Basi zimefika," akasema. "Niliandika, mkono wako una nini? Halafu nikauliza, unaumwa? Umeumia wapi? Nani anakufungulia chupa, nani anakufulia? Sikuandika lingine. Ni maswali tu tangu juu mpaka chini."

Akasimama. Nilidhani anaondoka, lakini alipita kwenye upenyo wa mbao akaenda nyuma, kwenye mashine, mbele ya wateja wote, akakaa kwenye kiti chake cha pembeni. Kwa mara ya kwanza hakushusha sauti.

"Andika kwa hizo za kwenu, zifike," aliniambia. "Mwambie mama amesikia. Mwambie aniandikie barua, kwa kalamu."

Vidole vyangu vikasita juu ya vitufe. "Bi mkubwa, si amesema mkono…"

"Ana mwingine."

Kwenye mashine ya ukutani alikaa mwanamume mzima, fundi wa redio, mwenye watoto wake. Aliacha kuchapa akageuka. Alikuwa amesoma uani kwa bi mkubwa alipokuwa mdogo, na mtaa mzima ulijua kwamba katika chuo kile cha uani mtoto aliyeandika maneno ya Mungu kwa mkono wa kushoto alichapwa mkono huo huo mpaka ukajifunza kukaa chini.

"Bi mkubwa," akasema taratibu, "kwa kushoto?"

"Wewe nilikuchapa, nakumbuka," alimjibu bila kumtazama. "Geuka, endelea na kazi yako." Kisha akaniegemea, harufu ya udi ikanijia, na mkono wake mkavu ukawekwa juu ya wangu uliokuwa umesimama.

"Andika, mwanangu. Mwambie aanze alifu upya, kwa kushoto. Mwambie ni mimi niliyesema. Na zikitoka zimepinda azilete hivyo hivyo, nitazisoma."